"Mama, nani kasema dinosaria ni za wavulana?" Nimjibu nini mwanangu?

Swali la msomaji: "Mtaalamu naomba msaada. Binti yangu ana miaka 6, mdogo wake wa kiume ana 4. Juzi tumeingia duka la vitu vya kuchezea watoto, binti akasimama katikati akaniuliza kwanini dinosaria zote ziko upande wa wavulana, nani kasema? Nikakosa jibu, nikamwambia ndo walivyopanga tu. Tangu hapo ni maswali kila siku, mara kwanini kwenye tangazo anayerusha roketi ni mvulana tu, mara kwanini kwenye boksi la jiko yupo msichana peke yake. Shuleni wenzake wanamcheka wanamwambia wewe mvulana, na mwalimu wao naye akigawa vitu vya kucheza anagawa kwa wasichana na wavulana. Mdogo wake ndo kabisa, anataka mdoli wa kubeba na kumlisha, baba yake hataki hata kusikia, anasema tutamharibu mtoto. Nawajibu nini hawa wote? Na birthday ya binti inakaribia, nimnunulie nini nisije nikamchanganya?"

Jibu:

Dada yangu asante kwa swali, na kabla sijaenda mbali nikutoe wasiwasi, binti yako hajachanganyikiwa na wala wewe hujamchanganya. Anafanya kazi ambayo kila mtoto wa umri wake anaifanya, ya kutafuta dunia imepangwaje na yeye anakaa wapi, ila yeye ameenda hatua moja zaidi, ameuliza aliyepanga ni nani. Hiyo hatua ndo nataka tuilinde. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa yanarudi palepale, usikimbilie kumfungia swali kwa jibu, kaa naye ndani ya hilo swali, mpe vitu vya kweli vya kufikiria, alafu mpe maneno ya kusema akiwa na wenzake maana huko wewe hutakuwepo.

Kwanza tuongelee umri wake kidogo kwa sababu wazazi wengi hapa ndo wanapokosea kumsoma mtoto. Mtoto anaanza kutofautisha huyu msichana huyu mvulana akiwa na miaka 2 hadi 3 hivi, na akishajua yeye yuko kundi gani anaanza kusaka dalili. Carol Martin na Diane Ruble, wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2004 waliandika kwamba watoto wa umri huu ni wapelelezi wa jinsia, na kwa kweli ukimwangalia mtoto wa miaka 4 utaona hivyohivyo, hakuna aliyekaa naye akamfundisha lakini anaokota mwenyewe, rangi ya boksi, nani yuko kwenye picha, nani alichekwa jana na kwa sababu gani, kitu kimewekwa shelfu ipi, alafu kwa dalili mbili tatu tu anatunga sheria. Na sheria zake huwa kali! Kwenye miaka 5 na 6 ndo zinakuwa kali kuliko wakati wowote, utamsikia mtoto anakwambia wanaume hawapiki wakati baba yake yupo jikoni anapika mbele ya macho yake. Kuanzia miaka 7 hivi kwa wengi zinaanza kulegea zenyewe, anaanza kuelewa kwamba mtu anaweza kupenda hiki na kile na bado akabaki yuleyule.

Sasa fikiria binti yako yuko kwenye hicho kipindi cha ukali, wenzake wote wanasema hiki cha wavulana basi, yeye anauliza nani kasema. Usidhani ni kiburi.

Na asikwambie mtu kwamba lebo hazina nguvu. Mwaka 1995 Martin na wenzake walichapisha utafiti ambao mimi huwa nautaja kwa kila mzazi, waliwapa watoto vitu vya kuchezea ambavyo hawajawahi kuviona popote, vingine vya kuvutia sana vingine vya kawaida tu, wakawaambia hiki ni cha wasichana, hiki ni cha wavulana. Kitu kizuri kabisa, kikishaambiwa ni cha jinsia nyingine, mtoto anapoa nacho, hamu inaisha. Kitu ni kilekile, hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni neno moja alilosikia kabla ya kukigusa. Kwa hiyo yule mama dukani anayemwambia mwanae "hicho acha, cha wavulana" anaweza akadhani amesema kitu kidogo, kumbe amemzima mtoto hamu kabla hajaanza.

Sisi watu wazima nasi tumo humohumo. Mwaka 1976 John na Sandra Condry waliwaonyesha watu video ya mtoto mchanga wa miezi 9, kuna kiboksi kinafunguka ghafla kinatoa kidude, mtoto anashtuka analia. Waliokuwa wameambiwa ni mvulana wakasema zaidi kwamba amekasirika, walioambiwa ni msichana wakasema ameogopa. Video ileile moja. Miaka miwili baadaye, 1978, Smith na Lloyd huko Uingereza wakawapa kina mama 32 mtoto mchanga ambaye si wao wacheze naye, mtoto akivishwa na kuitwa kama mvulana, mama anaanza na kunyoosha mkono kwenye nyundo ya kuchezea, akiitwa msichana anapewa mdoli. Hawa kina mama hawakuwa na nia mbaya kabisa, wengine wangekuapia kwamba wao hawabagui, mkono tu ndo ulikwenda.

Haya, turudi kwenye lile jibu ulilompa, "ndo walivyopanga tu". Usijilaumu, mbona ni nusu ya jibu sahihi. Kweli wamepanga. Nusu iliyobaki, na ndo tamu kwa mtoto, ni kwamba waliopanga ni watu, wamepanga tofauti kila zama, na kuna mara wamepangua kwa sababu kuna mtoto aliuliza.

Chukua rangi. Mwaka 1918 jarida moja la Marekani la wafanyabiashara wa nguo za watoto liliwashauri wauzaji kwamba pinki ni ya wavulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu na imekaa kiuamuzi, blu ni ya wasichana kwa sababu ni laini. Wakati huo hata hakukuwa na makubaliano, duka hili linasema hivi lile linasema vile. Mwambie binti hivyo uone macho yake. Au chukua vitu vya kuchezea vyenyewe, mwanasosholojia Elizabeth Sweet alipitia katalogi za zamani za Sears, lile duka kubwa la Marekani, akakuta kwamba katalogi ya 1975 vitu vilivyotangazwa wazi kwamba ni vya wavulana au ni vya wasichana havikufika hata asilimia 2. Asilimia 2! Na kulikuwa na matangazo yanayoonyesha msichana anajenga, mvulana anapika. Kampuni ya LEGO yenyewe, ile ya matofali ya kujengea, mwaka 1974 iliweka barua kwa wazazi ndani ya maboksi ikisema hamu ya kutengeneza vitu iko sawa kwa watoto wote, kuna wavulana wengi wanapenda nyumba za midoli na wasichana wengi wanapenda vyombo vya anga, mwache mtoto ajenge anachotaka. Watu wengi wanadhani zamani ndo kulikuwa na ubaguzi mkali alafu sasa hivi tumeelimika, kumbe kwenye vitu vya kuchezea mambo yalienda kinyume, ule ukuta wa pinki na blu tunaouona leo umejengwa upya miaka ya 80 na 90. Sababu ziko kadhaa, Marekani ililegeza sheria za vipindi vya televisheni vya watoto mwaka 1984 na vipindi vingi vikawa matangazo marefu ya kuuza midoli ya wavulana huku na ya wasichana kule, alafu kuna suala la pesa tu, familia yenye binti na mvulana ukiiaminisha kwamba baiskeli ya dada haiwezi kurithiwa na kaka umeuza baiskeli mbili.

Ndo maana nasema swali la "nani kasema" ni swali zuri sana, lina jibu, na jibu lake lina tarehe na majina ya makampuni.

Sasa zile hadithi za watoto waliouliza, hizi msimulie kabisa wakati wa kulala, ni za kweli. Huko Uswidi, mji wa Växjö, wanafunzi wa darasa la 6 walikaa na katalogi ya krismasi ya mwaka 2008 ya Toys R Us, maduka ya vitu vya kuchezea, wakaona wavulana kwenye picha wanakimbia wanapigana wanaruka, wasichana wamekaa wamependeza. Wakaandika malalamiko kwenye chombo cha nchi yao kinachosimamia matangazo, na mwaka 2009 kile chombo kikakubaliana nao, watoto wakashinda. Kampuni iliyokuwa inaendesha maduka hayo pale, Top-Toy, mwaka 2012 ikatoa katalogi ambayo msichana ameshika bunduki ya kuchezea na mvulana yuko kwenye nyumba ya midoli, dunia nzima ikaandika habari. Mwaka huohuo 2012 Marekani, msichana wa miaka 13 alitaka kumnunulia mdogo wake wa kiume wa miaka 4 lile jiko dogo la kuchezea linalopika kweli, akakuta yote ni pinki na zambarau na kwenye boksi hakuna mvulana hata mmoja, akaanzisha ombi mtandaoni, sahihi zaidi ya elfu 40, Hasbro, kampuni inayolitengeneza, wakamwita wakamwonyesha jiko jeusi na la fedha na baadaye wakaliingiza sokoni. Na 2014 mtoto wa miaka 7, karibu sawa na binti yako, aliandikia LEGO barua kwa mkono wake akisema wasichana kwenye seti zao wanakaa nyumbani, wanaenda ufukweni, wanafanya shopping na hawana kazi, ila wavulana wanaenda safari za hatari, wanafanya kazi, wanaokoa watu, na hata wanaogelea na papa. Agosti mwaka huo LEGO ikauza seti ya wanasayansi wanawake watatu, mtaalamu wa nyota, wa visukuku (mabaki ya viumbe vya kale) na wa kemia, seti ambayo ilikuwa imependekezwa na mwanasayansi Ellen Kooijman tayari, na iliisha madukani haraka sana. Huyo wa visukuku, mwambie binti yako, anakuja na mifupa ya dinosaria!

Ona hao watoto wanafanana kwenye kitu kimoja, kwa kila mmoja kuna mtu mzima ambaye hakumwambia "we acha maswali". Kuna aliyempa karatasi, kuna aliyemuuliza umeona nini kingine.

Kwa hiyo ukikaa nae, mrudishie. Akisema kwanini roketi anarusha mvulana, wewe sema mh, unadhani aliyetengeneza tangazo alikuwa anafikiria nini? Alafu nyamaza. Mwache atoe nadharia zake hata kama ni za ajabu. Mkienda dukani tena hesabuni pamoja, kwenye shelfu hii maboksi mangapi yana picha ya msichana, mangapi mvulana, mangapi wote wawili, na hao waliopo kwenye picha wanafanya nini, mtoto wa miaka 6 anapenda sana kuhesabu na ushahidi aliouhesabu mwenyewe hautoki kichwani kirahisi. Mpe na jaribio la nyumbani, funika rangi ya boksi na karatasi alafu muulize hii sasa ni ya nani. Usimwekee hitimisho mdomoni. Nimeona wazazi wenye nia njema kabisa wanamhubiria mtoto usawa dakika 20, mtoto anaitikia ndio mama, ndio mama, anasubiri tu imalizike akacheze.

Kitu kingine ni namna tunavyoongea. Susan Gelman na wenzake mwaka 2004 walisikiliza kina mama na watoto wa miaka 2, 4 na 6 wakiangalia kitabu cha picha pamoja, wakakuta kwamba zile kauli za jumla jumla, wavulana wanapenda magari, wasichana wanapenda midoli, zinapita mdomoni tu bila mtu kushtuka, na mtoto akitamka mwenyewe kauli ya namna hiyo mama mara nyingi anakubali kuliko kupinga, hata mama anayeamini usawa. Dawa yake ni ndogo mno. Mtoto akisema wavulana wanapenda magari, wewe uliza yupi? Rudisha kwa mtu mmoja mmoja. "Huyu kwenye picha anapenda gari, na jirani yetu mama fulani anaendesha lori, wewe je?" Unatoka kwenye kundi unaingia kwa mtu. Fanya hivyo kila siku na huhitaji hotuba.

Ila usimdanganye pia, hapa nataka niwe mkweli kwako. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha wavulana kwa wastani wanaelekea zaidi kwenye magari na wasichana kwa wastani zaidi kwenye midoli, tena mapema, na wanasayansi wengi wanakubali kwamba sehemu ya tofauti hiyo ina mkono wa baiolojia na sehemu ina mkono wa malezi na jamii. Kwa hiyo akija siku moja akakwambia mama darasani wasichana wengi wamechagua midoli, usibishe kitu alichokiona kwa macho. Mwambie ndio, wengi wamechagua, alafu ongeza, wengi sio wote, na wengi kupenda kitu hakumfanyi mmoja asiyekipenda kuwa na kasoro. Mtoto wa miaka 6 anaelewa hiyo vizuri tu. Wala lengo letu sio kwamba kila msichana aishie na dinosaria, binti mwingine anapenda mdoli wa pinki kutoka moyoni na huyo naye apewe mdoli wake wa pinki kwa furaha bila mtu kumkunjia uso.

Twende shuleni, maana hapa ndo panauma. Kumwambia "wapuuze tu" haisaidii, naomba usimwambie. Mtoto anayechekwa anajua kabisa kwamba hajaweza kupuuza, sasa unamwongezea na kushindwa. Mwaka 2009 Lamb, Bigler na wenzao walifanya kazi nzuri sana shuleni, kundi moja la watoto walisimuliwa hadithi za watoto waliojibu kauli za kibaguzi za wenzao, kundi lingine wakafanyishwa mazoezi wenyewe ya kujibu, wanaigiza, mmoja anatania mwingine anajibu. Waliofanya mazoezi kwa mdomo wao ndo walioweza kujibu kweli baadaye. Hadithi peke yake haikutosha. Walikuwa wamefundishwa majibu mafupi, ya haraka, yasiyo na matusi, mojawapo lilikuwa na vina kabisa, na ndo siri yake, mtoto aliyechekwa hana muda wa kutafuta hoja, anahitaji sentensi iliyoiva tayari mdomoni.

Kwa hiyo fanyeni mchezo nyumbani. Wewe kuwa yule mtoto mkorofi, sema "hiyo ya wavulana!" yeye ajibu. Mtungie au atunge mwenyewe, mathalani "dinosaria hajasema yeye ni wa nani", au "wewe cheza chako mimi nacheza changu", au fupi kabisa, "nani kasema?" Hili la mwisho ni lake tayari, analo, mwambie tu kwamba linafaa na kwa wenzake sio kwako peke yako. Mkifanya mara nyingi mpaka mnacheka, siku hiyo shuleni litatoka lenyewe. Na mdogo wake aingie kwenye mchezo, atauhitaji kuliko dada yake.

Naam, mdogo wake. Dada naomba usome hapa taratibu na ikiwezekana msome na shemeji, kwa heshima kabisa, sina ugomvi nae, wasiwasi wake ni wa baba anayempenda mtoto na hataki achekwe. Na hajakosea kwamba atachekwa. LEGO waliwahi kuhoji karibu watu elfu 7, wazazi na watoto wa miaka 6 hadi 14, katika nchi 7, matokeo wakayatoa Oktoba 2021, asilimia 71 ya wavulana walisema wanaogopa kuchekwa wakicheza na kitu kinachoonekana cha jinsia nyingine, wasichana waliosema hivyo ni asilimia 42. Umeona tofauti? Msichana akishika gari kuna atakayemsifia, anajiamini huyu, mvulana akishika mdoli nyumba nzima inashtuka. Mlango tumewafungulia wasichana kidogo, wavulana bado umefungwa.

Na anayeshika huo mlango mara nyingi ni baba, sio kwa ubaya. Kuna utafiti wa 1998, Raag na Rackliff, watoto wa chekechea waliwekewa vyombo vya jikoni vya kuchezea na seti ya vifaa vya fundi, wavulana ambao walikuwa wanaamini baba ataona vibaya wakicheza na vyombo ndio waliovikwepa zaidi. Baba hayupo pale chumbani! Lakini wazo la baba lipo. Kwa hiyo mwambie shemeji kwamba mwanae anamsikiliza kuliko anavyodhani, hata akiwa kimya.

Kuhusu "kumharibu", nimuulize shemeji, mtoto wa miaka 4 anayembeba mdoli, anamlisha, anambembeleza asilie, anaiga nani? Anaiga mzazi. Hakuna ushahidi kwamba mdoli unambadilisha mtoto kuwa mtu mwingine, wala gari halimfanyi msichana kuwa mvulana. Tunachokijua ni vile mchezo unavyofundisha. Watafiti wa chuo kikuu cha Cardiff mwaka 2020 walipima ubongo wa watoto wa miaka 4 hadi 8 wakicheza na midoli, sehemu ya ubongo inayohusika na kuelewa watu wengine na kuwaonea huruma iliwaka hata mtoto akicheza peke yake, na ilikuwa sawa kwa wavulana na wasichana (utafiti huo ulilipiwa na Mattel wanaotengeneza Barbie, nakwambia ili ujue). Upande wa pili matofali ya kujengea na picha za kupanga vipande vinaenda pamoja na uwezo wa mtoto kufikiria maumbo na nafasi, uwezo ambao baadaye unasaidia kwenye hesabu na sayansi. Sasa ukigawa nyumba nusu kwa nusu, binti anakosa mazoezi ya kujenga, mvulana anakosa mazoezi ya kulea, na wote wawili mnataka wakue waweze yote mawili. Shemeji mwenyewe alivyombeba huyu mtoto usiku akiwa mchanga, si alihitaji hicho kitu?

Usimlazimishe lakini. Anza na kitu ambacho baba hatakiona ni vita, mdoli mmoja mdogo, na magari yaliyopo yabaki, mtaona anampakia mdoli kwenye lori anampeleka hospitali, watoto wanachanganya vitu wenyewe bila shida. Na shemeji akikubali hata kukaa chini dakika tano akamuuliza "mtoto wako amekula?", basi, kazi kubwa imeisha.

Mwalimu sasa. Usiende kwa ukali, walimu wengi hawajawahi kufikiri tu, ni njia rahisi ya kupanga watoto mstari. Lakini mpe hiki, Hilliard na Liben mwaka 2010 walichukua madarasa ya watoto wa miaka 3 hadi 5, kwenye baadhi walimu kwa wiki 2 wakawa wanatumia jinsia kwa kila kitu, mistari tofauti, salamu za wavulana na wasichana, ubao huu wenu ule wao. Hawakufundisha ubaguzi wowote, walitenganisha tu. Wiki 2 zikatosha, watoto wakaongezeka fikra za hiki cha hawa kile cha wale, na wakapungua kucheza na wenzao wa jinsia nyingine. Kwa hiyo muombe jambo dogo, agawe vitu kwa herufi ya jina, kwa mwezi wa kuzaliwa, kwa rangi ya soksi, chochote. Na kama ana picha ukutani, aweke za watoto wanaocheza na vitu vya kila aina. Utafiti wa chuo kikuu cha Kent wa 2018 ulionyesha watoto wa miaka 4 hadi 7 picha za msichana na gari, mvulana na farasi mdogo wa kuchezea, wakawa wepesi zaidi kusema wote wanaweza kuchezea vyote, ingawa wao wenyewe waliendelea kupenda walichokuwa wanapenda. Hiyo "ingawa" naipenda, ndo inamjibu mzazi anayeogopa kwamba picha itambadilisha mwanae.

Nje ya darasa mambo yanasogea pia, kama utapenda kumwambia binti. Kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliondoa mabango ya wavulana na wasichana kwenye sehemu ya vitu vya kuchezea mwaka 2015. California ilipitisha sheria 2021 iliyoanza kazi Januari 2024, maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 na kuendelea lazima yawe na sehemu ya vitu vya watoto isiyogawanywa kwa jinsia, faini ni hadi dola 250 kosa la kwanza na 500 yanayofuata. Hispania toka Desemba 2022 wana kanuni za matangazo ya vitu vya kuchezea zinazokataza huo mgawanyo.

Nimalizie na birthday. Mnunulie dinosaria, si ndo alizoziulizia mwenyewe jamani. Usimfungie kwenye karatasi ya pinki eti kulainisha na usimfungie kwenye ya blu kuonyesha msimamo, karatasi yoyote. Kama hela inaruhusu kitu cha pili kiwe kile wanachoweza kucheza wote wawili na mdogo wake, matofali ya kujengea yaliyochanganyika rangi ni chaguo langu la kwanza kwa umri wa 4 na 6, watajengea dinosaria nyumba na mdoli chumba. Usiweke maelezo marefu kwenye zawadi, asifungue boksi akasikia somo. Na ikitokea siku mbili kabla amebadili mawazo anataka mdoli mwenye gauni na taji, mnunulie mdoli mwenye gauni na taji, bila kushangaa na bila kumuuliza zile dinosaria zimekwenda wapi.